Penseli Iliishia Sura ya Saba

Makanyagio, Mpanda
12 Januari 2025

Mwishwa wangu Emelyne,

Nimepokea orodha yako ya vitabu vya kusomea mtihani wa mitandao, na nianze kwa kusema kwamba nimekasirika. Nimekaa nayo siku mbili ili hasira ipoe. Haikupoa, basi naandika nayo hivyo hivyo.

Cha kwanza umeandika kile chekundu kilichotoka mwaka jana. Ni Didace aliyekutajia, sivyo? Didace huyu aliyefungua ofisi mkabala na yangu, mwenye kiti cha kuzunguka, anayewapokea wateja huku anazunguka kama feni. Kitabu cha kurasa elfu moja, picha za rangi, bei ya mbuzi wawili wenye afya. Nimekikata kwa kalamu nyekundu. Cha pili si kitabu, ni video. Utazitazamia wapi na wewe hapo Sibwesa simu yenyewe mpaka upande kichuguu? Nimekata. Cha tatu, yale maswali na majibu yanayouzwa kwenye kikundi cha WhatsApp, hicho nimekikata mara mbili, nusura karatasi ichanike. Huo ni wizi. Leo ukariri majibu, kesho nesi wa zahanati anakosa mtandao, utamkariria nini?

Sitaki mchezo, mtoto wa dada yangu. Mradi wa kuunganisha vituo vya afya umesema wazi: ulete cheti kabla mwezi wa saba haujaisha, la sivyo nafasi ya ufundi apewe mwingine. Miaka mitatu umefundisha kompyuta hapo kwa kujitolea, unalipwa asante na viazi vitamu. Inatosha.

Kwa hiyo nakutumia vyangu, viwili, cha kwanza na cha pili. Ndivyo vilivyonifikisha hapa nilipo. Nimevikava upya kwa kalenda ya kanisa, upande mweupe nje, juu ya kava la kaki la zamani, na gundi nimepaka hadi ndani ili kava lisicheze. Ukirusha kimoja ukutani, utakaoumia ni ukuta. Usibandue hata kona. Sisi na mama yako tulipokuwa shule, daftari lisilo na kava lilirudishwa nyumbani pamoja na mwenye nalo.

Vinakuja kwa gari la Masele. Mpe soda.

Marume wako,
Telesfori (wanaoniita Injinia, wape nafasi waendelee)


Sibwesa
2 Machi 2025

Marume,

Shikamoo. Vitabu vilifika, na Masele alikunywa soda mbili akasema ya pili ni ya uzito.

Nasoma kila siku kabla ya vipindi, nimefika sura ya kumi na moja. Maneno yako ya penseli pembeni ndiyo yananifanya nisisinzie. Pale kwenye kugawanya anwani umeandika "hapa shetani alipanga chumba". Nilicheka hadi wanafunzi wakachungulia. Ila penseli inaishia sura ya saba. Baada ya hapo kurasa ni nyeupe kabisa, kama hazijaguswa. Ulibadilisha kalamu?

Jambo lingine. Mwalimu mwenzangu Aurélie alinipa programu ya kufanyia mazoezi, nayo inakataa baadhi ya amri zilizo kitabuni. Halafu nilipanda kichuguu nikasoma masharti ya mtihani kwenye simu. Yanataja waifai, anwani mpya zile ndefu, na kuendesha mtandao mzima kwa programu. Humu sioni hata mstari mmoja. Hivi vitabu ni toleo la mwaka gani? Nilitaka kubandua kava niangalie, nikakumbuka katazo lako. Na kurasa za mbele zimeshikana na gundi, hazifunguki.

Mtihani nimepangiwa Mbeya, tarehe 14 Mei. Ada mradi umelipa, ila wamesema watalipa mara moja tu.

Mwishwa wako,
Emelyne


Makanyagio, Mpanda
8 Machi 2025

Mwishwa,

Marahaba. Unauliza kitabu mwaka wake kama mnunuzi wa ng'ombe anayefungua kinywa ahesabu meno. Kitabu si nyanya, hakiozi. Mtandao ni mtandao: kebo ni ile ile, swichi ni ile ile, na mteja anayechomoa waya ili achaji simu halafu akuite usiku ni yule yule. Amri zikikataa, lawama ziende kwa programu ya Aurélie. Hayo mengine ni mapambo, wameongeza ili wauze kile chekundu.

Kuhusu penseli: mtu akishaelewa haandiki tena. Endelea, na usibandue kitu.

Marume wako,
Telesfori


Sibwesa
17 Mei 2025

Ndugu Telesfori,

YAH: VITABU VYAKO

Nimefeli.

Nimeanza na hilo ili usipate nafasi ya kutania. Nilikaa mbele ya ile kompyuta Mbeya nikasoma swali la kwanza, sikulielewa. La pili, sikulielewa. La tano nililielewa, nikafurahi kama mjinga. Theluthi nzima ya mtihani ilikuwa ya vitu ambavyo sijawahi kuviona kwa maandishi, na yale niliyoyajua hadi kwa ndoto, zile laini za simu za kukodi ulizozipigia mistari miwili miwili, hayakuulizwa hata mara moja. Yule dada msimamizi alinipa karatasi ya matokeo akaniambia pole. Nilitaka kumng'ata.

Basi liliposimama Sumbawanga nilitoa kitabu cha kwanza kwenye begi nikabandua kava. Nilitumia meno. Kalenda ya kanisa ikatoka. Kaki ikatoka. Chini yake nikaona mwaka: 2007. Mwaka 2007, Ndugu Telesfori! Nilikuwa darasa la pili. Mtihani wa kitabu hicho ulishafutwa, ukaja mwingine, ukafutwa na huo, tumefika huu. Kile chekundu nilichokiandika namba moja, ukakikata kwa kalamu nyekundu, ndicho chenye kila swali nililokosa. Nimethibitisha. Nilisimama kwenye kichuguu saa nzima nikithibitisha.

Lakini si hilo tu. Kati ya kaki na jalada kulikuwa na karatasi mbili zimekunjwa. Zina jina lako. Ya 2009: hukufaulu. Ya 2010: hukufaulu, tena kwa alama chache kuliko za kwanza.

Kwa hiyo penseli haikuishia sura ya saba kwa sababu ulielewa. Iliishia kwa sababu uliacha. Na "vilivyonifikisha hapa nilipo" kumbe ulisema kweli.

Familia hii ilisubiri karatasi za uraia miaka mingapi tangu bibi avuke mpaka? Bibi alizilalia chini ya mto akiogopa panya. Watoto wote wa nyumba ile tulifundishwa kwamba karatasi ni karatasi, haichezewi. Wewe ukachora Injinia kwenye kibao cha ofisi, ukakaa chini yake miaka kumi na sita, halafu ukanipa mimi kufeli kwako nikakusomee.

Sasa najiuliza kama hukutaka nifaulu.

Mradi wamekubali nirudie, kwa gharama yangu, na tarehe yao ni ile ile, 31 Julai. Namba yako nimeifunga. Usijaribu.

Emelyne N.


Makanyagio, Mpanda
21 Mei 2025

Kwa Ndugu Emelyne N.,

YAH: YAH YAKO

Nimejaribu. Kweli haipigi. Basi tutumie soda za Masele.

Nimekasirika, na mimi nikikasirika napumua kama pampu ya baiskeli, wateja wawili wameondoka wakidhani nina pumu. Nijibu moja moja.

Mosi. Nani aliyetandaza kebo nusu ya ofisi za mji huu? Nani aliyelala chali kwenye dari pamoja na popo wa mkoa mzima, kinyesi chao kinamdondokea mdomoni, akatoka na mtandao unawaka? Karatasi haijawahi kupanda dari. Hakuna mteja hata mmoja aliyewahi kuniomba cheti. Wananiomba niwahi.

Pili. Wewe ni fundi wa mitandao, ama ndivyo unavyotaka kuitwa. Fundi hufunga kifaa bila kusoma nyuma kimetengenezwa lini? Gundi ilikushinda kuanzia Januari hadi Mei, halafu Sumbawanga ikakubali kwa meno? Hayo meno ungeyatumia Februari.

Tatu, na hili ndilo limenikata. Umemwambia mama yako. Usikatae. Jumatatu Séverine amekuja kutoka Kasokola, akasimama ng'ambo ya barabara, mbele ya Didace na kiti chake, akikitazama kibao changu dakika kumi nzima. Nikampungia mkono, akageuka akaondoka. Dada yangu! Kibao hicho alikilipia yeye. Ulikuwa na haki ya kunitukana mimi, nina mgongo mpana. Kumpelekea mama yako zile karatasi ni ukatili, na nyie vijana mnajua sana kuchoma halafu mkaita ni ukweli.

Eti sikutaka ufaulu. Hilo silijibu. Nikilijibu nitapasua karatasi.

Telesfori
(Hakuna mabano leo)


Sibwesa
24 Mei 2025

Ndugu Telesfori,

Nitakuwa mfupi.

"Kitabu si nyanya, hakiozi." Maneno hayo ni yako, tarehe 8 Machi. Nilikuuliza mwaka. Niliuliza kwa adabu, na shikamoo juu. Ungeweza kusema sijui. Ungeweza kusema mwishwa, mimi mwenyewe ulinishinda, muulize mwingine. Maneno kama hayo si mazito kuliko yale ya ng'ombe na meno. Hukuyaandika.

Mama sijamwambia neno. Nilimpigia nikamwambia nimefeli, basi. Alikuja mjini kukuomba unifundishe kwa ajili ya marudio. Alifika, akaona kibao, akaona una wateja, akasema hawezi kumsumbua Injinia kazini kwa mambo ya mtoto. Akarudi Kasokola kwa miguu hadi alipopata bodaboda. Aliniambia hivyo kwenye simu huku anajilaumu yeye.

Nakurudishia vitabu vyako na karatasi zako zote mbili. Usinichagulie kitu tena.

Emelyne


Makanyagio, Mpanda
15 Juni 2025

Emelyne,

Barua yako imekaa mezani wiki tatu. Nimeitumia kama mwiko wa kujipigia.

Nilikuwa na hasira nawe hadi niliposoma kwa nini mama yako aligeuka. Hapo ikanigeukia mimi, na haijaondoka. Usidhani naandika nikiwa mpole. Nimelipiga teke kopo la rangi, vidole vimevimba, sasa nawahudumia wateja nikiwa na kandambili moja.

Nikueleze mara moja, sitarudia. Mwaka 2009 niliuza shamba la mpunga nililopewa na baba, nikaenda Dar kufanya ule mtihani. Kiingereza chake kilinipita kama treni ya mizigo, unasikia kelele tu. Nikafeli. Nilirudi na treni, nimepanga nimweleze mama yako kabla hata sijanawa uso. Ninashuka stesheni hapa Mpanda, namwona Séverine amesimama na kitu kirefu kimefungwa kwa kanga mpya. Akasema, fungua. INJINIA TELESFORI, MITANDAO NA KOMPYUTA. Herufi nyekundu, kivuli cheusi. Alikuwa amemwandikisha mchoraji kabla hata sijapanda treni ya kurudi. Karatasi ya kufeli ilikuwa mfuko wa shati, upande huu wa kushoto. Akanikumbatia, ikakunjika. Nikasema asante, dada.

Hapo ndipo ilipotakiwa niseme. Ilikuwa sentensi moja.

Mwaka uliofuata nikarudia kwa siri, nikamwambia nakwenda kununua kebo. Nikafeli vibaya zaidi, kwa sababu nilikuwa naogopa zaidi. Baada ya hapo nikavikava vitabu, na zile karatasi nikaziweka chini ya kaki. Utauliza kwa nini sikuzichoma. Wewe umejibu mwenyewe: katika nyumba yetu karatasi yenye jina la mtu haichomwi. Nilishindwa kuwasha kiberiti. Mwezi wa kwanza mwaka huu nilipoweka kalenda juu nilikuwa nimesahau ziko humo, ama nilitaka kusahau; nimejiuliza, sipati jibu linalonipendeza.

Mwaka wa vitabu nilikuwa naujua kwamba ni wa zamani. Kwamba mtihani umebadilika, sikujua, kwa sababu tangu 2010 sijausogelea hata kuusoma. Ulipouliza Machi niliogopa kwamba nikibandua kava nitajikuta mimi humo ndani. Basi nikakutania. Utani wangu watu wanausifu, lakini mara nyingi ni mlango nimeufunga kwa ndani. Na kile chekundu nilikikata kwa sababu ya Didace, si kwa sababu nyingine yoyote. Nilikuwa sijakifungua.

Jumanne nilivuka barabara. Hatua kumi na mbili, nimezihesabu, na kandambili moja. Nikamwambia Didace: nahitaji kile kitabu chekundu, na nahitaji mtu wa kumfundisha mwishwa wangu, kwa sababu mimi ule mtihani sikuwahi kuufaulu. Kiti kikaacha kuzunguka. Nilitegemea acheke, na kweli alicheka, mpumbavu yule, alicheka hadi akakohoa. Kisha akasema, "Mzee, mimi nilifaulu mara ya tatu. Unadhani hiki kiti nilikinunua kwa furaha? Nilikuwa nazungusha aibu." Akaandika orodha ya sura za kuanza nazo, na namba yake ya simu. Yake hujaifunga.

Kitabu hiki hapa. Kimetoka Dar jana. Sijakikava. Jalada liko wazi, mwaka uko mbele, ukurasa wa kwanza unafunguka, nimeufungua mara tano kuhakikisha. Ndani nimeirudisha orodha yako ya Januari. Juu ya ule mstari wa kalamu nyekundu nimeandika "samahani", ila kalamu yenyewe ilikuwa nyekundu pia, haionekani vizuri. Tafuta mwangani.

Ulichagua sawa tangu mwanzo. Mimi ndiye niliyekukata.

Telesfori


Sibwesa
23 Julai 2025

Mjomba,

Kwa Kiswahili tu. Lile la kwetu, "Marume", bado nalifikiria.

Nimefaulu. Jana, Mbeya, kwa alama zisizo na mashaka. Yule dada msimamizi alinikumbuka, akasogeza kiti nyuma kidogo aliponipa karatasi. Nakala nimeshaupelekea mradi, siku nane kabla ya mwisho. Naanza tarehe 1 Septemba.

Bado nina hasira. Nakuambia usije ukafikiri furaha imeifuta. Wiki tano nimesoma kitabu cha kurasa elfu moja ambacho ningekisoma kwa miezi minne bila kukonda. Didace amenifundisha kila Jumamosi kwenye simu, mimi juu ya kichuguu na mwavuli, watoto wa shule wakinipita wanaimba "mwalimu mchwa". Hasira hiyo ndiyo iliyonifanyia mtihani, nakiri, lakini ni yangu, usijipongeze kwayo.

Hilo la kwamba hukutaka nifaulu, nalifuta. Niliandika nikiwa nimevimba. Mengine yanabaki.

Nakutumia kitabu. Nimeandika penseli pembeni, hadi ukurasa wa mwisho kabisa, hata kwenye faharasa. Kwenye sura ya nane nimeandika mengi zaidi kwa sababu ndiyo inayowaangusha watu. Na nimekikava, kwa kaki, maana umenilea hivyo na mkono unawasha kitabu kikiwa uchi. Ila mbele nimekata dirisha kwa wembe, pale penye mwaka. Ukikitazama tu unaona.

Jambo la mwisho. Mradi wameniuliza nani atavuta kebo kwenye vituo. Nimeandika jina lako, kwa sababu kwenye dari hakuna anayekuzidi, hilo sijawahi kubisha. Kwenye nafasi ya cheo nimeandika "fundi". Mama atayaona majina yakibandikwa, atauliza kwa nini si Injinia. Mimi sitamjibu. Una mpaka Septemba mosi kumwambia mwenyewe, na safari hii asikukute una wateja.

Emelyne


Makanyagio, Mpanda
30 Agosti 2025

Bosi wangu Emelyne,

Nimekwenda Kasokola wiki mbili zilizopita. Nilikaa kwenye kigoda, nikampa mama yako zile karatasi mbili, nikasema ile sentensi moja. Imechelewa miaka kumi na sita, nayo haikuchukua hata muda wa kumeza mate.

Hakupiga kelele. Heri angepiga. Alizisoma zote mbili, akazikunja vizuri, akaziweka kwenye mfuko wa nailoni pamoja na karatasi za uraia, maana nazo zina jina. Kesho yake akaja mjini na nyundo, akapita mbele ya wateja wangu bila salamu, akang'oa kibao. Didace alimshikia ngazi. Nasikia sasa kimeziba tundu la banda la kuku, herufi zikiwa zimeelekea ndani. Kuku wa Kasokola wanalala chini ya Injinia.

Hajaongea nami mpaka leo. Ila Jumapili ameniletea maharage kwa mkono wa jirani. Hayakuiva. Nadhani ni makusudi. Nimeyala yote.

Jumatatu nitakuwa Sibwesa na gari la Masele, na kebo, na ngazi yangu. Dirisha ulilokata limepinda kidogo upande wa kulia. Ningekuwa naongea na mtu asiye na hasira ningemtania.

Nimechonga penseli. Niko katikati ya sura ya nane.

Telesfori
Fundi